Kutumia kinamasi kusafisha majitaka ya mji: mwongozo kamili, kuanzia kibali mpaka vipimo

Mji wowote wenye bonde la matete chini yake lazima yupo mtu ameshatoa hili wazo kwenye kikao: si tuyaachie tu majitaka yaingie bondeni, matete yatayasafisha. Na kusema kweli hajakosea sana, kinamasi kinasafisha maji na kimekuwa kikifanya hivyo bure miaka yote. Ila kati ya kuyaachia tu na kupata maji yanayoruhusiwa kuingia ziwani kuna kazi kubwa, na ndo hiyo kazi tunaipitia hapa. Mambo yenyewe yanabebwa na masharti mawili: maji yaingie yakiwa yameshasafishwa nusu, na yakishaingia yatandae, yaende taratibu. Ukikosa moja hapo una mtaro wenye majani pembeni, basi.

Tuanze na Kampala, maana kinamasi cha Nakivubo kinafundisha pande zote mbili. Mfereji wa Nakivubo unabeba maji ya mvua ya jiji, majitaka ya mitaa isiyounganishwa na bomba, pamoja na maji yaliyotoka mtambo wa kusafishia majitaka wa Bugolobi, yote yanashuka kwenye kinamasi cha kama kilomita za mraba 5 halafu yanaingia ghuba ya ndani ya Murchison, Ziwa Victoria. Humo humo kwenye ghuba, mwendo wa kilomita chache, ndo kuna Ggaba wanakovuta maji ya kunywa ya jiji. Mwaka 1999 watu wa uchumi walikaa wakapiga hesabu kile kinamasi kingelipwa shingapi kwa kazi yake ya kuchuja, wakapata kati ya dola milioni 1 na milioni 1.75 kwa mwaka. Lakini sehemu ya juu ya bonde watu walichimba mitaro midogo midogo wapande magimbi na miwa, na majitaka yakapata njia ya mkato, yanapita kwenye mitaro hayagusi majani. Ziwani mwani ukaongezeka, na gharama za kusafisha maji pale Ggaba zikapanda. Kwa hiyo kinamasi kilikuwepo, mafunjo yalikuwepo, ila maji hayakuyapitia. Likumbuke hilo tukifika kwenye hatua ya kusambaza maji.

Hatua ya 1: kibali, kabla hujanunua hata bomba moja

Kinamasi sio cha halmashauri kufanyia inavyotaka. Uganda katiba ya 1995 inasema serikali inavishikilia vinamasi kwa niaba ya wananchi, Kenya kuna sheria ya mazingira ya 1999 na kanuni za ubora wa maji, Tanzania kuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 na ile ya rasilimali za maji ya 2009. Kwa Tanzania maana yake ni tathmini ya athari kwa mazingira kupitia NEMC (chombo cha taifa cha mazingira), na kibali cha kutiririsha majitaka kutoka bodi ya maji ya bonde lako. Kenya na Uganda ni NEMA, mamlaka ya mazingira ya kila nchi.

Halafu angalia kiwango unachotakiwa kufikia kule mwisho. Tanzania BOD isizidi miligramu 30 kwa lita, COD 60, chembe zinazoelea 100. Kenya nayo BOD ni 30. BOD kwa asiyeijua ni kipimo cha uchafu unaooza, yaani bakteria watatumia oksijeni kiasi gani kuula huo uchafu ndani ya siku 5; COD ni kama hiyo, ila inapimwa kwa kemikali badala ya bakteria. Majitaka mabichi ya miji yetu yanaweza kufika 400 au 500 kwa sababu watu wanatumia maji kidogo, kwa hiyo unaona safari ilivyo ndefu.

Na kama kinamasi ni kizima, hakijaguswa, kina ndege kama korongo nyangumi au samaki wanataga humo, achana nacho. Majitaka hata yakisafishwa nusu yanakibadilisha. Kule Houghton Lake, Michigan, Marekani, wamekuwa wakimwaga maji yaliyotoka kwenye mabwawa ya majitaka kwenye kinamasi cha asili tangu 1978, na profesa Robert Kadlec amekifuatilia miongo kadhaa, ni mfano mzuri wa kazi iliyofanywa kwa adabu. Bado mimea ya asili karibu na bomba ilisukumwa, Typha ikatawala (ile yenye kichwa cha kahawia cha manyoya). Kwa hiyo tafuta kinamasi kilichoshaharibika tayari, ambacho majitaka yanaingia hovyo hata sasa, hapo unarekebisha badala ya kuharibu.

Hatua ya 2: pima majitaka yako

Usichukue idadi ya watu ya kwenye makaratasi ukaanza kugawanya, pima. Njia rahisi ni kuweka bamba la chuma lenye tundu la V la nyuzi 90 kwenye mtaro, unasoma kimo cha maji juu ya ncha ya V. Kimo cha sentimita 10 ni kama lita 4.4 kwa sekunde, sentimita 8 ni kama lita 2.5. Kisome kila saa, mchana na usiku, walau wiki nzima, maana asubuhi watu wakiamka maji yanaruka juu na saa nane usiku karibu hakuna kitu. Rudia msimu wa mvua, utashangaa ni maji kiasi gani ya mvua yanaingia kwenye bomba la majitaka kupitia mifuniko mibovu na mabomba ya paa ambayo watu wameyaunganisha kimyakimya.

Kwenye ubora peleka sampuli maabara: BOD, COD, chembe, amonia, fosforasi, kolifomu za kinyesi (bakteria wanaoonyesha kuna mavi). Na uliza nani anamwaga nini. Kiwanda cha ngozi, cha rangi, mafundi wa betri, hao wasiunganishwe kabisa mpaka wawe na mtambo wao. Kinamasi hakili risasi wala kromiamu, kinazitunza kwenye tope, halafu zinapanda kwenye magimbi ambayo mtu anachimba na kwenda kuuza sokoni. Machinjio nayo damu na mafuta yake yanataka kuondolewa kwanza kule kule.

Tuchukue mfano wa kufanyia hesabu: mji mdogo, watu 2,500 waliounganishwa, kila mtu anatoa lita 80 kwa siku. Hiyo ni mita za ujazo 200 kwa siku. Kila mtu gramu 40 za BOD, jumla kilo 100 kwa siku, ukigawa unapata miligramu 500 kwa lita. Makali sana hayo.

Hatua ya 3: kijue kinamasi chenyewe

Hapa watu wengi wanaharakisha, wanaangalia ramani ya setilaiti, kijani kingi, wanaridhika. Ingia ndani. Vaa buti ndefu, chukua mti wa mita 3 upime kina kila hatua kadhaa, uangalie kama mafunjo yamesimama kwenye udongo au yanaelea. Hii ni muhimu kuliko inavyoonekana, kwa sababu kwenye mkeka unaoelea maji yanapita chini yake na mizizi ndo inafanya kazi. Nakivubo walilinganisha mafunjo na nyasi za Miscanthidium, mafunjo yakashinda kwa mbali: mkeka wake una nafasi nafasi na mizizi mingi myembamba maji yanapenya, wakati ule wa Miscanthidium umeshikana, mzito, maji yanateleza chini hayachanganyiki.

Sasa kifaa cha bei nafuu kuliko vyote: mita ya kupima upitishaji umeme wa maji, ile ya kushika mkononi (kuanzia hapa tuiite mita ya umeme). Majitaka yana chumvi nyingi kuliko maji ya kawaida ya kinamasi, kwa hiyo kama tayari kuna majitaka yanaingia, katiza bonde kutoka kingo hadi kingo, pima kila mita 20, andika. Kwenye mstari mmoja utakuta namba iko chini, chini, chini, ghafla imepanda mara tatu kwa upana wa mita 10, halafu chini tena. Hiyo mita 10 ndo njia halisi ya majitaka, bonde lote lililobaki halifanyi kazi yoyote. Fanya mistari mitano sita kuelekea ziwani utakuwa na ramani ambayo hakuna setilaiti itakupa.

Uliza wazee na wavuvi mafuriko yanafika wapi, kiangazi kunakauka au la, nani anachota maji huko chini na visima viko wapi. Kama kuna kijiji kinachota maji ya kunywa chini tu ya pale yatakapotokea maji yako, hiyo sehemu haifai, tafuta nyingine. Pata pia vipimo vya maji ya kinamasi kabla hujaanza, masika na kiangazi, vinginevyo mwakani mtu akisema umeharibu mto hutakuwa na cha kumjibu.

Hatua ya 4: safisha nusu kabla hayajaingia

Kinamasi ni hatua ya mwisho. Ukimwaga majitaka mabichi tope linajaa mdomoni, oksijeni inaisha, harufu, mbu, na mimea ya karibu inakufa.

Kwa miji yetu yenye joto njia ya bei poa ni mabwawa. Kwanza chujio la nondo la kuzuia mataulo, plastiki na pampasi (pampasi ndo adui namba moja siku hizi, weka mtu wa kusafisha kila siku), halafu chumba cha kutuliza mchanga. Baada ya hapo bwawa la kina kirefu lisilo na hewa, mita 3 au 4. Kwa joto la nyuzi 25 hivi unaweza kulilisha kama gramu 300 za BOD kwa kila mita ya ujazo kwa siku, kwa hiyo kilo 100 zetu zinataka bwawa la mita za ujazo 330 tu, siku moja na nusu hivi, na linaondoa zaidi ya nusu ya uchafu. Likifuatiwa na bwawa la kina cha mita 1.5 linalopata jua na mwani, kilo 350 za BOD kwa hekta kwa siku. Zikibaki kilo 40 unahitaji mita za mraba 1,150 hivi. Jenga mabwawa mawili mawili, la sivyo siku ya kuondoa tope utafunga mji mzima.

Maji yakitoka hapo tuseme BOD ni 80, kwa tahadhari.

Hatua ya 5: hesabu ya eneo

Unapiga hesabu mbili na unachukua kubwa. Ya kwanza ni mzigo wa uchafu: kwa kinamasi chenye maji yanayoonekana juu, ukitaka yatoke na BOD 30, usizidishe kilo 60 kwa hekta kwa siku. Sisi tuna mita za ujazo 200 mara gramu 80, ni kilo 16. Gawa kwa 60, hekta 0.27. Ndogo eeh? Ndo hapo watu wanafurahi wanasimama.

Ya pili ni mzigo wa maji. Kwenye kinamasi cha asili usimwage zaidi ya sentimita 1 mpaka 2 za maji kwa siku juu ya eneo lote. Mita za ujazo 200 kwa sentimita 2 ni mita za mraba 10,000, hekta 1 kamili. Kwa sentimita 1 ni hekta 2. Kwa hiyo jibu ni hekta 1 mpaka 2, na mimi ningekwenda na 2, kwa sababu eneo ninalolisema ni lile ambalo maji yanalipita kweli, na ile ramani yako ya mita ya umeme imeshakuonyesha kwamba bonde la hekta 5 linaweza kuwa na hekta moja tu inayofanya kazi.

Angalia na muda wa kukaa: hekta 1, kina sentimita 40, robo ya nafasi imechukuliwa na mashina, unabaki na mita za ujazo 3,000, yaani siku 15. Inatosha kabisa kwa BOD na chembe. Amonia inataka oksijeni, na maji yenye mafunjo mazito hayana oksijeni nyingi, kwa hiyo acha sehemu za wazi katikati zipigwe na upepo na jua. Fosforasi ndo ngumu kuliko zote, mwanzoni udongo unaishika vizuri halafu unajaa, na baada ya hapo inapita tu. Mtu akikuahidi kinamasi kitaondoa fosforasi miaka yote bila kuvunwa wala kuongezwa eneo, muulize itakuwa inaenda wapi.

Hatua ya 6: kusambaza maji, hapa ndo kazi inapofia au inaponea

Usimwage kwa mdomo mmoja. Laza bomba la PVC la milimita 160 kukatiza upana wa kinamasi, juu ya viguzo vya zege au mbao zilizotiwa dawa, na kila mita 2 au 3 weka T yenye kiwiko kinachozunguka, ili uweze kuinua au kushusha mdomo mmoja mmoja kwa mkono. Bomba liwe levo. Na levo ya macho haitoshi, tumia mpira wa maji ule wa mafundi ujenzi, shika ncha moja mwanzo wa bomba na nyingine mwisho. Tofauti ya sentimita 2 kwenye bomba la mita 50 inatosha maji yote yatokee upande mmoja, upande mwingine kavu, na ndani ya mwezi huo upande wa maji umejichimbia mfereji wake. Usitoboe matundu madogo kwa drili, yanaziba na ute ndani ya wiki. Jenga njia ya mbao ya kutembelea pembeni ya bomba, vinginevyo hakuna mtu atakayekwenda kulikagua, huo ndo ukweli.

Mitaro ya zamani ya kilimo izibe kwa udongo wa mfinyanzi na viroba vya mchanga. Kama maji bado yanatafuta mkato weka matuta madogo ya kukatiza, yarudishe pembeni. Kwenye kutokea weka kizuizi cha mbao za kuongeza na kupunguza, ndo mkono wako wa kuamua kina. Na pembeni ya kinamasi chimba mtaro wa kupitisha maji ya mvua ya vilimani, yasiingie na kusomba kila kitu.

Hatua ya 7: mimea na kuanza

Kama mimea ipo usiiguse. Penye mapengo panda mafunjo au matete kwa vipande vya shina la chini vyenye chipukizi, viwili vitatu kwa mita ya mraba, na maji yawe ya sentimita chache tu mpaka vishike. Gugumaji usilete kwa hali yoyote, hata mtu akikuambia linasafisha sana. Linasafisha ndio, halafu likifika ziwani utaitwa majina.

Anza na robo ya maji kwa miezi miwili mitatu, kisha nusu, kisha yote. Bakteria wanaokaa kwenye mashina ndo wanaofanya kazi kubwa, na hao wanahitaji muda wa kujijenga.

Hatua ya 8: kukiendesha

Mtu mmoja wa kudumu, mwenye buti, glavu na sabuni, na apewe dawa za minyoo kwa ratiba ya zahanati. Kila siku chujio. Kila wiki anatembea bomba zima, anazungusha viwiko vilivyolala, anaangalia wapi maji yanakimbia. Kila wiki pia atafute mbu: achote kwa upawa kwenye kona zilizotuama aangalie viluwiluwi. Mbu wa Culex wanapenda haya maji machafu, na dawa yake ni kuondoa mimea iliyoanguka ikalala juu ya maji, kushusha kina kwa siku chache, na kuacha samaki wadogo wafike kila mahali. Konokono wa kichocho watakuwepo, kwa hiyo watoto wasiogelee. Weka uzio wa miti na kibao chenye picha.

Mafunjo vuna kwa vipande, robo ya eneo kwa zamu, na kila kipande kipe karibu mwaka mzima kabla hujarudi. Ukivuna haraka haraka shina la chini linachoka. Wasukaji mikeka wa jirani waingize kwenye mpango mapema, waje kwa zamu na wavae buti, hao watakulindia kinamasi kuliko mgambo. Wakulima wa magimbi kaa nao chini, watafutiwe sehemu nje ya njia ya majitaka. Ukiwafukuza tu watarudi usiku na jembe, na mtaro mmoja wa usiku unatosha kuharibu usambazaji wote.

Hatua ya 9: vipimo

Pima sehemu tano: majitaka yanayoingia mabwawani, yanayoingia kinamasi, katikati, yanayotoka, na mto mita mia kadhaa kule chini. Mwaka wa kwanza kila mwezi, baadaye kila miezi mitatu kama kibali kinaruhusu. Mita ya umeme itumike kila wiki, haina gharama. Kama kuna mtu anamwagilia mboga huko chini pima na mayai ya minyoo, WHO inataka lisizidi yai 1 kwa lita.

BOD ikianza kupanda kwenye kutokea, fuata mpangilio huu. Kwanza mabwawa, mara nyingi yamejaa tope. Likifika theluthi ya kina cha bwawa la kwanza litoe. Pili rudia ile mistari ya mita ya umeme uone kama mfereji wa mkato umejitokeza. Tatu angalia bamba la V, labda mji umeongezeka na mita zako 200 sasa ni 350. Kama ni hiyo ya tatu, kinamasi hakiongezeki kwa maombi, ongeza bwawa juu au jenga kinamasi cha kutengeneza, cha kokoto na matete kilichotandikwa udongo wa mfinyanzi au karatasi ya plastiki chini. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wana timu iliyofanya utafiti wa hivyo vya kutengeneza pamoja na mabwawa kwa miaka mingi, kwa hiyo ujuzi upo nchini. Na kama hukuwahi kupata bonde linalofaa tangu hatua ya 3, anzia hapo moja kwa moja, la asili liache lilivyo.